Eda ya Mume Aliye Hai

Kila Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, kaka yangu humrusha Baba ukuta. Nakueleza weye, mwenzangu, kwa sababu nikiwaeleza wa nyumbani wanacheka, na mimi sicheki. Tunakusanyika kwake Hail, hapa Maskati. Wanaume wakisharudi msikitini sinia zinashushwa: biriani ya samaki, achari ya ndimu, saladi, na bakuli la pilipili ambalo yeye hulisogeza karibu yake kama lake peke yake. Mikono ikishaoshwa kahawa inapita, naye anaegemea mto, anapangusa masharubu, anaanza. Vipi Baba, siku zile za machafuko ya Unguja, alimbeba mgongoni akakimbia, akaruka ukuta wa uani na wenye mapanga nyuma yake. Wajukuu wanatoa macho. Mimi natazama kikombe changu. Mara ya kwanza nilipoisikia hadithi hii ukuta ulifika kifuani kwa mtu. Siku hizi umeshapita kuta za wizara za Al Khuwair, kule nilikofanya kazi mpaka nikastaafu. Na nyumba yetu ya Ng'ambo, wallahi, haikuwa na ukuta. Ilikuwa na ua wa makuti, na mbuzi wa mtaani akitaka kupita alikuwa anapita.

Sasa Ijumaa moja mwaka huu, Baba yuko juu ya ukuta, simu yangu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka Unguja, kwa binti wa jirani yetu wa zamani, mwenzangu wa kucheza mdako na kupika vyungu vya udongo. Nikatoka nje kwenye ngazi, jua linanichoma kichwa, nikaisikiliza sauti yake iliyochoka.

"Dada'ngu, mama hali yake si nzuri. Hali kitu ila uji. Kila akiamka anauliza kama mwanawe kaja, na kaka yangu hataki kuja. Nimemwomba mimi, imamu kamwomba, jawabu lake ni lile lile, eti: Hao Waarabu wako wapi? Kama kweli, naaseme mwanamume wao mkubwa kwa kinywa chake. Basi mwambie kaka'ko aseme. Maneno mawili tu. Mama yangu asende kaburini na jambo hili."

Nikabaki pale kwenye ngazi, simu mkononi, na ndani kicheko kimepasuka. Baba ameshatua upande wa pili wa ukuta, salama salimini.

Ili ujue ni maneno gani hayo mawili, twende Ng'ambo. Baba alikuwa Mwarabu mwenye duka la mtaani, duka dogo la sukari, mchele, mafuta ya taa na tambi, na sisi tukikaa chumba cha nyuma. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa nasikia njaa, kwa sababu nyumbani kila kitu kilinukia hivyo, hata mkate. Jirani yetu alikuwa ukuta kwa ukuta, na huo ndio ukuta pekee tuliokuwa nao, wa udongo na mawe, mwembamba, mama akipiga chafya jirani anaitikia. Alfajiri tukiamshwa na vitumbua vyake, lile shh la unga ukigusa mafuta ya moto. Kazi yetu mimi na binti yake ilikuwa kuchambua mchele na kukuna nazi kwa zamu, na mwenye zamu alikuwa na haki ya kutafuna machicha. Tukigombana, tukipigwa sote, na aliye karibu, awe mama yangu au mama yake.

Jirani yetu alikuwa mwanamke wa kujipamba. Sikwambii! Jioni, vyombo vikishaoshwa, anakoga, anakaa barazani ndani ya pazia na kioo chake kidogo, anatia wanja. Wanja mzito, umekwenda mpaka pembeni mwa jicho. Kikuba cha asumini kifuani, kanga za udi. Mumewe alikuwa mtu mrefu, mcheshi, mchumaji karafuu. Msimu ukifika anavuka Pemba, na msimu ukisha anarudi na kelele na zawadi. Walikuwa na watoto wawili: binti, huyu mwenzangu, na mkubwa wake wa kiume aliyekuwa kwa bibi yake mzaa baba, mtaa wa tatu, kwa ajili ya chuo cha Kurani. Mwaka ule msimu ulikwisha na mume bado hajarudi, anamalizia vibarua. Kabla ya kuvuka alimwahidi mwanawe viatu vya Idi.

Halafu ikaja ile asubuhi. Nani alimfanya nini nani, na kwa sababu gani, wapo waliosoma na wakaandika, wagombane wao. Mimi nna habari ya chumba kimoja. Tulisikia mbio, tukasikia milango inavunjwa, na duka letu likaanza kupigwa kwa mbele. Mlango wa uani ukafunguka, jirani yetu kasimama, kanga kiunoni, mikono ina unga. Hakusema maneno mengi. "Piteni kwangu. Wote. Na weye baba, uvunguni."

Kitanda chake kilikuwa kirefu cha miguu ya kuchongwa, mahari yake, na shuka ilishuka mpaka chini. Baba, mtu mzima mwenye ndevu zake, akaingia uvunguni. Mama yangu alikuwa mzaliwa wa hapo hapo, mama yake mtu wa Makunduchi, basi alipojifunga kanga za jirani hakuna ambaye angemshuku. Kaka yangu alikuwa keshabaleghe au karibu, akaambiwa alale mlangoni, ajifunike shuka mpaka usoni, ajifanye mgonjwa. Mimi na binti wa jirani tukaambiwa tukae chini mbele ya kitanda, migongo yetu kwenye shuka, tucheze. Nilikuwa nasikia pumzi za Baba mgongoni kwangu.

Wakaja. Wengine tunawajua, wengine hatuwajui. Wanapiga mlango kwa rungu. Hapo ndipo jirani yetu alipofanya jambo ambalo sijui alilitoa wapi. Alikaa juu ya kitanda, akavua vipuli vya masikioni, akavua bangili, akachukua kitambaa cheupe akajitanda gubigubi. Macho yake yalikuwa na wanja wa jana. Akaupangusa kwa kiganja, ukaenea mashavuni, mistari myeusi mpaka kidevuni. Akamwambia mama, "Nenda mlangoni. Waambie nimefiwa, mume wangu kafia Pemba, nimo edani."

Mama akasema, "Unamchuria mumeo kifo!"

"Aliye Pemba atarudi. Huyu wako akitoka hapa harudi. Nenda."

Na akaanza kulia. Weye unajua, au umesikia, eda ilikuwa kitu gani kwetu. Mwanamke aliyefiwa na mumewe anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatii wanja, hajifukizi udi, na mwanamume asiye wa damu yake hakanyagi chumba alichomo. Hata mlevi wa mtaani akipita dirisha la mwenye eda alikuwa anashusha sauti. Mama akasimama mlangoni, akasema alivyotumwa. Aliyekuwa mbele, kijana aliyepita chuo kile kile na kaka yangu, akafika mpaka kwenye pazia, akalishika. Nikaona vidole vyake. Jirani yetu akatoa kilio ambacho mpaka leo kikinijia nasimama katikati ya jambo nilifanyalo. Vidole vikaliachia pazia. "Poleni," akasema. "Mungu amrehemu." Akawaambia wenziwe watoke, na wakatoka.

Laiti ingeishia pale! Lakini msiba Ng'ambo hauwi wa mtu mmoja. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima unajua kwamba fulani kafia Pemba, na wanawake wakaanza kuja, vurugu au si vurugu, wanapita ua kwa ua kuja kumpa mkono mfiwa. Wakakaa kwenye mkeka, chumba hicho hicho, na Baba uvunguni. Baba alikuwa na kikohozi cha vumbi la duka. Kila akikohoa, jirani yetu analia kwa sauti kubwa. Wakawa wanasema nje, loo, yule mama kumbe alimpenda mumewe kiasi hiki.

Siku ya pili au ya tatu akaja mkwewe, mama wa mume, kamshika mkono mjukuu wake. Bibi yule alikuwa na kinywa ambacho hakikuwahi kulala na habari, ndiyo maana hakuambiwa. Akaanguka miguuni pa mkaza mwanawe. "Kafa vipi mwanangu? Nani kamwosha? Nani kamtia kaburini?" Jirani yetu akajibu kwamba wamemzika huko huko, hajui zaidi. Mtoto alisimama pale katika kanzu yake ya chuo. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu: "Na viatu vyangu nani ataniletea?"

Jirani yetu akaondoa kitambaa usoni. Akamtazama mwanawe, akafungua mdomo. Mimi nilikuwa mdogo lakini nilimwona vizuri, nilikuwa chini ya magoti yake, na nakwambia alikuwa anakwenda kumwambia. Baba akakohoa. Jirani yetu akajifunika tena, akalia, na bibi akamshika mtoto mkono wakaondoka.

Ramadhani ikatukuta humo. Watu walikuwa wanaleta futari kwa mfiwa: mihogo ya nazi, tambi za sukari, uji wa pilipili manga, na mkate wa kumimina kwa waliokuwa nacho. Adhana ikilia, mama anainua shuka kidogo anapitisha sahani, na mkono wa Baba unaipokea. Zile tambi zilikuwa tamu, Mungu anisamehe, sijala tena tambi tamu kama zile. Mama alizila kwa machozi. Maisha yake yote yaliyobaki, Ramadhani ikiingia, alikuwa anasema neno moja: "Sisi tumekula futari ya mtu aliye hai." Watoto wa Maskati walidhani ni mchezo wa maneno wa wazee. Mimi na kaka tulikuwa tunajua.

Baada ya Idi mambo yakatulia kidogo, Baba akapata njia. Tukavuka Mombasa, kisha Dubai, na nchi hii ilipofungua milango tukaja Maskati. Jirani yetu alitusindikiza mpaka kwenye pazia tu, maana alikuwa bado edani na watu wanatazama. Sisi tukaondoka na tukashukuru. Hatukujua tulichomwachia.

Tulikijua Dubai, kwa mtu aliyetoka Unguja akaja kula kwetu. Vyombo vilipoanza kuvuka tena, mume alirudi kutoka Pemba. Alishuka na gunia la ndimu begani na viatu vya mwanawe vimefungwa kamba shingoni. Mtaani watu wakakimbia. Mzee mmoja akamsomea aya ya kufukuza majini. Akafika kwake akaambiwa ameshasomewa hitima, mkewe kamkalia eda, mama yake kaugua kwa kilio. Mkewe anajibu nini? Akinyamaza, yeye ni mwanamke aliyemchuria mumewe kifo, aliyemfanya mwanawe yatima kwa kusudi. Akisema kweli, basi alikuwa na mwanamume uvunguni mwa kitanda chake Ramadhani nzima. Alinyamaza kwanza. Kisha akasema kweli, na mume akasikia nusu yake tu. Akampa talaka. Akakaa eda ya pili, ya kweli hii. Mtoto wa kiume akabaki kwa bibi yake, akakua na maneno yote mawili, la kuchuria na la mwanamume uvunguni, na hakumkanyagia mama yake mlango tena. Dada yake akimwambia nilikuwamo, mke wa yule mtu alikuwamo, anamjibu, weye ni wa mama'ko.

Yule mgeni wa Dubai alimwambia Baba, "Wewe tuma neno. Useme mkeo na watoto wako walikuwamo chumbani muda wote, usiku na mchana. Neno hilo tu litamsimamisha yule mama." Na Baba, mwenzangu, Baba yangu ambaye nilimpenda, akasema: "Nitume neno nimwambie nani? Nitangaze kwamba nililala uvunguni kwa mke wa mtu?" Mama akamsihi. Baba akasema yaliyopita yameshapita, akaomba maji. Ndiyo basi. Mume yule alikufa haamini. Baba akafa hakusema. Mama akafa na tambi zake kooni.

Sasa unaelewa kwa nini nilisimama pale kwenye ngazi za Hail na ulimwengu umenipanda kichwani.

Nilimwendea kaka kule Hamriya, kwenye duka lake la vitambaa vya kanzu za dishidasha, ambalo siku hizi analiendesha mwanawe na yeye huenda kukaa tu. Nikamsikilizisha ujumbe. Akasikiliza na macho yake yako kwa mteja. Kisha akasema, "Maskini. Sasa wanataka nini? Nitawapelekea halua."

"Halua!" nikasema. "Mtu anakufa, weye unampelekea halua!"

"Usipige kelele dukani."

"Wanataka useme Mama alikuwamo chumbani. Si zaidi."

"Semea weye."

"Nimeshasema. Nimetuma sauti yangu, yule mwanawe, mzee sasa, kasema nilikuwa mtoto, nakumbuka nini. Anakutaka weye. Weye ulikuwa na akili zako."

Akakunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. "Nna wajukuu ambao wanamjua babu yao kwa namna fulani. Mmoja anaposa mwaka huu. Unataka nianze leo, katika uzee huu, kueleza Baba alikuwa uvunguni? Mtu anajificha nyuma ya kilio cha mwanamke?" Akaniagizia chai ya maziwa. Nikaiacha pale pale ipoe, nikaondoka bila kuaga.

Wiki zikawa zinakwenda hivyo. Nikimpigia yuko msikitini, nikimpigia yuko kwa daktari wa macho, nikimpigia kiyoyozi kimeharibika na fundi yuko nyumbani. Binti wa jirani naye anatuma sauti: leo kanywa vijiko viwili, leo hakunywa. Jana kaniuliza tena. Nami namjibu, subiri kidogo, shoga yangu, kaka ana shughuli. Nikisema hivyo naona haya mpaka masikio yanawaka. Shughuli gani? Mtu mzima amekaa Hail anatazama mpira!

Ikafika Ijumaa, na kahawa ikapita, na akaanza. Ukuta. Na safari hii, jamani, ukuta ulikuwa na vigae vya chupa juu. Hapo mimi nikachoka. Nikaishika simu mapajani chini ya mtandio, nikafungua pa binti wa jirani, nikabonyeza kidude cha sauti kwa kidole gumba, sikukiachia. Nikasema kwa upole, kama mtu anayeuliza bei ya ndizi:

"Kaka, huko Unguja wanasema mengine. Wanasema Baba alikaa peke yake chumbani na mke wa mtu, Ramadhani nzima. Mimi nilikuwa mdogo, sikumbuki. Pengine ndivyo."

Wifi yangu alikuwa anakusanya vikombe, akabaki navyo mkononi. Kaka akawa mwekundu mpaka kwenye upara.

"Astaghfirullah! Nani kasema? Mshenzi gani kasema? Baba hakukaa peke yake na yule mama hata mara moja! Mama alikuwamo! Mimi nilikuwamo, nimelala mlangoni! Weye ulikuwamo, umekaa mbele ya kitanda na yule mwenzio! Yule mama alikuwa akijitanda hata mbele yangu mimi, kijana mdogo. Alilia eda ya mume aliye hai ili sisi tupone, akaachwa kwa ajili yetu, akanyang'anywa mwanawe kwa ajili yetu, na hakuwa na kosa hata la ukucha! Na Baba yangu alikuwa mtu wa heshima zake. Asiseme mtu upuuzi huo mbele yangu, unasikia?"

Mjukuu mdogo wa kiume akauliza, "Babu, na ukuta?"

Kaka alikuwa anatazama mtandio wangu, ulipokuwa unang'aa mwanga wa simu.

"Umefanya nini?"

"Nimekusikiliza."

"Ifute."

Nikainua kidole gumba. Ikaenda.

Hajasema na mimi tangu siku ile, na mimi sijamwomba radhi. Niombe radhi ya nini? Alimtetea Baba. Ni maneno yale yale. Miaka yote hii, heshima ya Baba na heshima ya yule mama zilikuwa kitu kimoja, zimelala chumba kimoja, na wanaume wa nyumba hii wakaificha moja ili kuilinda nyingine. Nikifikiri hivyo natamani kuvunja kitu. Sauti yenyewe ukiisikiliza ni fupi, maji ya chai hayawahi kuchemka. Hiyo ndiyo iliyotushinda kutuma kutoka Dubai. Mama angalikuwa hai angaliisikiliza mpaka simu ikaisha chaji.

Jawabu lilikuja asubuhi, nakatakata vitunguu. Binti wa jirani alikuwa anacheka na kulia, sikumfahamu mpaka niliporudia. Kaka yake kasikilizishwa na imamu, barazani, mbele za watu. Kaondoka, kaenda kwake, kavaa kanzu na kofia, kaja kupiga hodi kwa mama yake. Mzee mzima sasa, mrefu, kapinda kidogo, sura ya baba yake mtupu. Kaingia chumbani, kakaa kwenye ukingo wa kitanda kile kile. Mama yake kamtazama muda mrefu, maana siku hizi kuna anaowajua na kuna asiowajua.

"Umerudi?" akamuuliza.

"Nimerudi."

"Mzima?"

"Mzima, mama."

Lile neno mama hakulisikia, au hakulijali. Akamshika mkono, akaupapasa wote mpaka begani, kama mtu anayetafuta alipovunjika. Akageuka kwa binti yake.

"Basi mie nshatoka eda," akasema. "Nipe wanja wangu."

Binti yake anasema hakumbuki kama mama yake aliwahi kutia wanja tena tangu wakati ule. Ilibidi atume mtoto dukani. Akampaka yeye mwenyewe, taratibu, kope zimeshakuwa chache, na yule mzee ameshika kioo.

Mama yule hakukaa sana baada ya hapo. Mwanawe ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Nilitaka kwenda, nikachelewa, tikiti na mambo yake. Na ningekwenda wapi? Nyumba imevunjwa, binti anasema, wamehamia ya mbele, na palipokuwa duka letu pana ghorofa la watu nisiowajua. Kitanda kipo. Ua wa makuti haupo, bomba tulilochotea halipo, vitumbua siku hizi hununuliwa kwenye mfuko. Nani atakayejua kwamba pale, katika chumba kimoja, mwanamke alimzika mumewe mzima ili wa jirani asife? Ningependa nikwambie moyo wangu umetulia. Haukutulia. Neno limechelewa, na mimi sijui nimkasirikie nani kwanza.

Ijumaa hii nilikwenda Hail. Kaka akanipa mgongo, akapakua biriani yake, akalisogeza bakuli la pilipili mbali na mimi. Kahawa ikapita. Akapangusa masharubu, akatazama huku na huku, na hakuanza. Akawasha televisheni. Mjukuu mdogo, yule wa swali, akaja akajibwaga kando yangu.

"Bibi, ukuta ule ulikuwa mrefu kweli?"

"Hapakuwa na ukuta, babu," nikamwambia. "Kaa hapa nikueleze. Palikuwa na pazia."

Kaka akaongeza sauti ya televisheni. Mimi nikaongeza yangu.